Mabati ya Katonga Yalipohamia Ujiji

Kazi yangu ilikuwa kusimamia vyumba vya watu wengine. Mimi mwenyewe sijawahi kuwa na chumba hata kimoja cha kupangisha, na wanaonicheka kwa hilo wana haki yao. Wenye vyumba walikuwa wajane, wastaafu, wauza duka, watu waliokuwa na vyumba vitatu Ujiji au vinne Mwanga, waliojenga tofali kwa tofali wakiamini kwamba nyumba ikishaezekwa kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Sasa magoti yangu yamegoma kupanda milima ya Kigoma, kazi nimewaachia Neema na Shabani, na hao ndio walioniganda mpaka nikashika kalamu. Ninawaandikia wao, pamoja na yeyote mwenye vyumba viwili vitatu na nia ya kulala usingizi.

Aliyenifundisha ni Mzee Bakari, seremala wa Ujiji ambaye aliacha kutengeneza milango akaanza kusimamia ile aliyokwisha kuitengeneza. Alitembea na mfuko wa gunia wenye koleo, bisibisi, nyundo ndogo na kichupa cha mawese. Mawese yalikuwa ya kulainishia bawaba. Nilimwambia mara nyingi kwamba mawese huita sisimizi, naye alinijibu kwamba sisimizi hawajawahi kumwamsha mtu, lakini mlango unaolia huamsha nyumba nzima. Hapo alikuwa na hoja, ingawa milango yetu ilitambulika mtaa mzima kwa misafara ya sisimizi.

Siku yangu ya kwanza alinipeleka kwenye chumba kitupu karibu na soko la Ujiji, akanipa kigoda, akanifungia mlango. Akasema nikae humo, yeye anakwenda kuswali adhuhuri. Aliswali adhuhuri, nadhani akaswali na sala za watu wengine, maana alirudi jua limeshageuka, mimi nimelowa jasho na hasira zimenipanda. Nilijua atanipa pole. Aliniuliza nimesikia nini.

Nikamwambia nimesikia joto. Akasema joto kila mtu ataliona mwenyewe, yeye ameuliza nimesikia nini. Basi nikakumbuka: ng'ambo ya ukuta kuna mtu anakohoa, na kila akikohoa ni kama yuko kitandani kwako. Upepo ukitoka ziwani, harufu ya choo cha jirani inaingia dirishani. Uani kuna mama anayetwanga, na pigo la mchi linapita sakafuni mpaka kwenye miguu ya kigoda. Mzee Bakari alitikisa kichwa kwa kuridhika. Wiki ile tukapandisha ukuta mpaka kwenye bati, tukahamisha dirisha upande wa pili, tukamwomba mama wa mchi asogee karibu na migomba. Kisha ndipo tukatafuta mpangaji.

Nimefanya hivyo kwa kila chumba nilichokabidhiwa tangu hapo. Chumba kikalie mchana, mlango ukiwa umefungwa, kabla hujampa mtu. Wenye nyumba wengi hawajawahi kukaa hata dakika moja ndani ya chumba wanachokisifia, halafu wanashangaa kwa nini wapangaji hawadumu.

Somo la pili nalipenda zaidi, kwa sababu halifai mahali pengine popote ila kwetu huku. Wapangaji wengi wa kandokando ya ziwa ni watu wa dagaa, na dagaa huvuliwa kwa taa siku za giza. Mbalamwezi ikitoka, taa hazina kazi, mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo mwezi una sehemu mbili: siku za giza mvuvi analala mchana, siku za mbalamwezi yuko macho, anashona nyavu, anabishana mpira, anatafuta wa kumtania. Asiyejua hilo atagombana na wapangaji wake bila kujua kosa. Palikuwa na bwana mmoja aliyetoka mbali na ziwa, alinunua nyumba Katonga, akaleta fundi kugonga bati asubuhi ya siku za giza. Mvuvi alitoka chumbani na kasia mkononi, bado amefumba jicho moja. Fundi aliruka kutoka juu ya paa, na nyundo yake tulikuja kuiokota baada ya kodi mbili kupita.

Mimi matengenezo yote niliyapanga kwa kuangalia mwezi wa juu, wala sikuhitaji ule wa ukutani. Mbalamwezi ikianza, ndipo napeleka saruji na misumari, na wapangaji wenyewe wananyanyua kenchi za paa kwa sufuria ya ugali wa muhogo na samaki wa migebuka. Siku zile walitumia karabai, siku hizi wana taa za sola, lakini dagaa hawajabadilika. Nakumbuka asubuhi za mbalamwezi pale mwaloni palipolala mitumbwi, vicheko, redio tatu zinazoshindana, harufu ya moshi na samaki. Nazitamani asubuhi zile kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii.

Mengine niliyojifunza ni madogo. Kila chumba kiwe na mita yake ya umeme, kwa maana luku ya pamoja imevunja urafiki mwingi kuliko umbea. Ukuta upake rangi ya mafuta kutoka chini mpaka kiunoni, usisumbuke kumkataza mtu asipike kwa mawese. Huko ni kumkataza mtu wa Kigoma asipumue. Mkaushaji wa samaki mjengee banda la moshi mbali na madirisha kabla hajaomba. Na shimo la choo lichimbwe kabla ya msingi wa nyumba, kwa sababu mwenye nyumba akishaona bati linang'aa hakumbuki tena kwamba watu wana matumbo.

Sasa nifike Katonga, kwa Mama Anastazia, kwa kuwa hapo ndipo kazi ilipoonyesha makucha.

Mama Anastazia alikuwa Muha wa Kasulu aliyeolewa na mfanyakazi wa bandari. Mume wake alijenga safu ya vyumba sita kando ya mwalo, na cha saba upande wa nyuma wakaishi wao. Alipofariki, vyumba vile vikawa riziki ya mjane, na zaidi ya riziki. Alijua kila mpangaji anakula nini na nani mgonjwa. Chumba cha kwanza, kilichotazama maji, alikaa Mama Furaha, ambaye watu wake walivuka kutoka Kongo. Alikausha migebuka kwa moshi akaiuza mpaka Kasulu. Alipanga pale Furaha akiwa mtoto mchanga. Leo Furaha ana watoto wake.

Mbele ya nyumba palikuwa na mchanga mpana, dagaa wakianikwa juu yake na vijana wakicheza mpira pembeni. Hakuna aliyewaza maji. Mzee Bakari aliwahi kunionyesha kule Ujiji mahali ambapo wazee wake walisema mawimbi yalifika zamani. Leo pana nyumba na duka la vitenge. Alisema ziwa huazimisha ardhi, haligawi. Nilicheka wakati ule. Miaka hii ya karibuni ziwa likaanza kudai. Kwanza uliondoka uwanja wa mpira, ukafuata mchanga wa kuanikia dagaa, kisha mawimbi yakawa yanapiga baraza. Tulipanga viroba vya mchanga, maji yakavizunguka. Ukuta wa chumba cha Mama Furaha ukapasuka kutoka juu kwenye lenta mpaka sakafuni, ufa ambao ungeweza kuingiza kiganja.

Viongozi wa mtaa walikuja wakasema watu watoke. Wapangaji watatu walihama. Mama Anastazia hakuhama. Watoto wake wako Dar es Salaam na walimtaka aende kwao, wala hawakuwa wabaya, walimtumia hadi tiketi ya treni. Aliniambia kwamba kule atakuwa mgeni wa kukaa kwenye kochi na kutazama televisheni mpaka siku atakayozikwa. Alitaka kuzeekea karibu na ziwa, ndani ya nyumba yenye watu wanaogombania kamba ya kuanikia nguo. Bila vyumba vyake hakuwa na pa kuishi hivyo, na vyumba vyake vilikuwa vinakwenda majini. Kila nilipomwamkia alinijibu, kisha akasema jambo lilelile, kwamba maji yalikuja na yatarudi.

Nilikaa siku moja barazani kwake, miguu juu ya kiroba, nikajiuliza msimamizi wa nyumba anafanya nini nyumba ikishindikana. Ukuta hauokolewi. Lakini juu ya kuta kulikuwa na mabati mazito ambayo Mama Anastazia aliyabadilisha miaka michache nyuma, kenchi nzima, milango ya mninga aliyoichonga marehemu, madirisha na grili zake. Nusu ya thamani ya nyumba ilikuwa bado juu, haijalowa. Nikakumbuka pia jambo ambalo Katonga nzima ililijua na kulitania: Mama Furaha ana kiwanja Ujiji, mbali na maji, na kuta za vyumba vitano zilizoishia kwenye lenta, hazina paa. Zilinyeshewa masika baada ya masika, zimeota nyasi, kwa kuwa kila alipokaribia kununua bati mtoto alihitaji ada ya shule.

Nilimfuata Mama Furaha kwanza, bandani kwake, nikamweleza: mabati, kenchi na milango ya Mama Anastazia vipandishwe juu ya kuta zako, naye apate vyumba viwili, kimoja alale, kingine apangishe. Aliendelea kugeuza samaki mmojammoja mpaka safu ikaisha. Kisha akasema:

"Huyu mama alinipokea niko na mtoto mu mgongo, sina ata sufuria. Vyumba viwili ni vyake mpaka Mungu amuite. Lakini wewe ndiye wa kumwambia. Mimi mpangaji, nitamwambiaje mwenye nyumba wangu aje kukaa kwangu?"

Basi nikaenda kumwambia mimi. Nilijua hatafurahi, ila sikujua kwamba atasimama. Alikuwa ameketi anachambua mchele, akainuka na ungo mkononi.

"Unataka nivunje nyumba ya marehemu, mwanangu, mwana wanje? Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu?"

"Hapana, mama. Nyumba inavunjwa na ziwa. Mimi nataka tuwahi mabati."

Aliingia ndani akafunga mlango. Kwa siku kadhaa nilipomwamkia alinijibu marahaba kavu isiyo na neno la pili. Iliniuma, maana nilimpenda, na bado sikuona njia nyingine. Kisha asubuhi moja alimtuma mtu aniite. Nilimkuta amesimama mbele ya chumba cha kwanza anatazama ule ufa. Akasema sawa, ila mlango wa chumba chake asiubandue mtu mwingine, ataubandua yeye.

Hapa wasimamizi vijana nisikilizeni. Watu hawa wawili walipendana, na kwa sababu hiyo hasa niliwalazimisha waandikiane. Tulikaa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, watoto wa pande zote mbili wakaweka saini, wale wa Dar es Salaam wakamtuma mjomba wao awawakilishe. Mama Furaha aliona ni kumtusi. Nilimwambia kwamba yeye na Mama Anastazia hawatashtakiana kamwe, wanaoshtakiana huwa ni wajukuu.

Ikabaki siku ya kazi, na hapo tulibishana. Zilikuwa siku za giza. Mjomba alitaka tuanze papo hapo kwa vibarua wachache wa mjini. Nilikataa. Vibarua wachache wangebandua bati kwa siku nyingi, kuta zikibaki wazi kwa mvua na mawimbi, na ukuta uliopasuka ukishapoteza kenchi hauna cha kuushika. Nilitaka nyumba ifunguliwe kwa asubuhi moja, na mikono ya kufanya hivyo ilikuwa ziwani inavua. Tungoje mbalamwezi, nikasema, haiko mbali. Tuliwatoa watu wote na vyombo vyote, Mama Anastazia akalala kwa jirani wa kilimani, nyumba ikabaki tupu ikisubiri.

Siku mbili baadaye upepo ulichafuka. Mchana kweupe, tunatazama kutoka kilimani, ukuta wa mbele wa chumba cha kwanza ulilala majini taratibu, na paa la upande ule likainama. Kama kenchi ingekatika, kila kitu kingeondoka na mawimbi, na mimi ndiye niliyesema tungoje. Mama Anastazia alinitazama. Nimeandamwa na wapangaji, nimetukanwa na madalali, nimefukuzwa na mbwa wa watu wazito, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa mchana ule. Nilisoma kila dua niliyoijua, hata ya kula.

Kenchi ilishika. Upepo ukatulia, mwezi ukakua, mitumbwi ikaanza kulala pwani, na siku tuliyopatana wavuvi wakaja, wengi kuliko niliowaita. Walikuja waliowahi kupanga pale, na waliohama Katonga zamani, na wengine kutoka Ilagala ambao sikuwajua hata kwa sura. Walitanguliza magogo ya kuegemeza kuta, wakapanda, wakaanza kung'oa misumari huku wanaimba nyimbo zao za kuvutia nyavu. Wanawake walipokea mabati chini wakayapanga. Mama Anastazia alibandua mlango wake mwenyewe, bawaba moja baada ya nyingine, kwa bisibisi yangu. Hakuna aliyemkaribia mpaka alipomaliza.

Barabara haikuwa na gari la kutufaa, lakini boti zilikuwepo nyingi hazina kazi. Wakapakia. Boti ya kwanza mabati, ya pili kenchi na milango, ya tatu watu na masufuria. Mama Anastazia alikataa boti ya watu, akaketi juu ya mabati yake, akafungua mwavuli, wakaondoka naye jua likiwaka kufuata ukingo mpaka Ujiji. Watu waliokuwa pwani walisimama kumtazama bibi aliyekuwa akisafiri na paa lake. Mama Furaha alikuwa kando yangu kwenye boti ya tatu, analia waziwazi. Mimi pia nililia, nikasingizia moshi wa injini.

Kuezeka kulichukua muda uliobaki wa mbalamwezi. Ukihamisha mabati, kumbuka kwamba misumari haiingii tena mahali ilipotoka. Kila bati linakuja na matundu ya zamani, na kila tundu lizibwe kwa lami, moja moja, kwa uvumilivu. Niliwasisitiza vijana juu ya hilo mpaka wakachoka na sauti yangu. Waliziba karibu yote.

Siku ya kuhamia tulipika uani, pilau upande mmoja, ugali na migebuka upande wa pili. Mama Furaha alizunguka na birika la kunawia, hajui akae au asimame ndani ya nyumba yake. Mama Anastazia alikula kidogo. Hakuwa na huzuni, alikuwa mtulivu kupita kiasi, kama mtu aliyefika ugenini anayechunga asiguse kitu. Mvua ikatukuta tunakula, tukakusanya sahani, tukakimbilia chumbani kwake, nyuma ya ule mlango wa mninga, tukaketi kitandani na sakafuni tukisikiliza mabati yanavyopiga kelele. Yalilia vilevile kama Katonga.

Tone likamdondokea Mama Anastazia begani. Akainua uso, akalitafuta tundu, akaliona. La pili likamwangukia palepale. Alilipangusa, akajiweka sawa kitandani, akaita:

"Mama mwenye nyumba."

Mama Furaha hakugeuka. Hakujua kwamba anaitwa yeye.

"Mama mwenye nyumba," Mama Anastazia akarudia, "chumba changu kinavuja."

 Mama Furaha aligeuka, birika bado mkononi, akatazama juu, akamtazama mpangaji wake.

"Nitaleta fundi, mama," akasema. "Wiki ijayo."

Aliyeanza kucheka ni Mama Anastazia. Alicheka mpaka akamshika Mama Furaha mkono asianguke kutoka kitandani, na wale wengine wakafuata. Mimi nikaenda kutafuta beseni.